Upinde Uliokuwa wa Mtu Mwingine

Wiki sita za kwanza nilivaa mashati ya mikono mirefu kila siku, hata jua liwake namna gani. Sikutaka mtu auone mkono wangu wa kushoto. Kuanzia chini ya kiwiko hadi katikati ya kigasha palikuwa na alama ya zambarau, katikati imeiva ikawa nyeusi, pembeni imeanza kugeuka manjano. Ilikuwa alama ya upote, yaani kamba ya upinde. Kila nilipofyatua mshale, upote ulipita ukanichapa palepale, nami nikajiambia kwamba hivyo ndivyo mtu anavyokomaa. Nikanunua kinga ya ngozi ya kufunga mkononi. Maumivu yakapungua, mishale ikaendelea kwenda inakotaka.

Naandika haya kwa ajili ya yule anayetaka kuanza kuwinda kwa upinde wa kompaundi na mfuko wake ni mwembamba kama wangu ulivyokuwa. Makosa yangu mengi yalikuwa ya kununua, si ya kulenga, na ya kununua ndiyo yaliyoniuma zaidi kwa sababu yalinichelewesha msimu mzima.

Kwanza mashine yenyewe, maana bila kuielewa hutajua unalipia nini. Upinde wa kompaundi una roda mbili nchani mwa mabawa yake, yaani ile mikono miwili inayopinda, na kamba za ziada zinazopishana nyuma ya mpini. Roda hizo si duara kamili. Zina umbo la yai lililopogoka, na mafundi huziita kamu. Ukianza kuvuta uzito unapanda haraka, unakaa juu kwa muda, kisha karibu na mwisho unaanguka ghafla, kama mtu aliyekuwa akivutana nawe ameamua kukuachia. Katika pinde nyingi za siku hizi punguzo hilo ni kati ya asilimia 75 na 85. Upinde wa ratili 60, yaani kama kilo 27, wenye punguzo la asilimia 80, ukishafika mwisho unashikilia ratili 12 tu. Ndiyo maana unaweza kukaa umevuta, ukamsubiri mnyama ageuke. Wazo hili aliliombea hataza Mmarekani Holless Wilbur Allen wa Missouri mwaka 1966, akaipata 1969. Upinde ni wa kale. Huu wa roda ni wa juzi tu.

Neema hiyo ina sharti lake. Upinde wa kawaida wa mti anaweza kuuvuta mtu mfupi na mtu mrefu, kila mmoja akaishia mkono wake unapoishia. Wa kompaundi una ukuta. Unavuta mpaka unaugonga, na mahali ukuta ulipo pamewekwa na kamu, hapakuwekwa na wewe. Umbali huo ndio unaoitwa urefu wa mvuto. Ukuta ukiwa mbali kuliko mkono wako, utanyoosha kiwiko mpaka kikaze, utarudisha kichwa nyuma kutafuta upote ulipo, na kigasha chako kitaingia kwenye njia ya upote.

Mimi hayo sikuyajua. Nilikuwa nimenunua upinde uliotumika, wa hadhi ya juu, ambao ulipokuwa mpya nisingethubutu hata kuuliza bei yake. Muuzaji alinitajia mambo mawili: kasi yake ni futi 340 kwa sekunde, na uzito wake ni ratili 70. Hakutaja urefu wa mvuto. Sikumuuliza kwa sababu sikujua kwamba kuna kitu cha kuuliza. Nilipoujaribu pale kwake ilinibidi niuelekeze mbinguni, nikauteremsha huku nikitetemeka, ndipo ukafika mwisho. Akasema utazoea. Nikalipa.

Baada ya wiki zile sita nikaupeleka kwa fundi, mzee mmoja anayetengeneza pinde na ambaye hana maneno mengi.

"Mzee, huu upinde una tatizo gani?"

"Hebu simama ukutani. Nyoosha mikono yote miwili."

Alinipima kutoka ncha ya kidole cha kati hadi ncha ya kidole cha kati. Inchi 70, kama sentimita 178. Akagawanya kwa 2.5, akapata 28. Kisha akanipa mshale uliochorwa alama za inchi, akaniambia nivute polepole. Alama iliyosimama mbele ya mpini ilikuwa ya 30.

"Upinde hauna tatizo," akasema. "Ni wa mtu mwingine, kijana. Umevaa suruali ya kaka yako."

Inchi mbili! Nilidhani atakaza skrubu mahali fulani yaishe. Akanionyesha kwamba kwenye upinde ule urefu wa mvuto unabadilishwa kwa kubadilisha kipande cha chuma kwenye kamu, na kwamba kipande cha ukubwa wangu kwa toleo lile hakitengenezwi tena. Uzito nao ulikuwa hivyo hivyo: skrubu za mabawa zingeweza kushusha ratili 10 hivi, kutoka 70 hadi 60, si zaidi. Kisha akapitisha ukucha kwenye upote. Nyuzi zilikuwa zimesimama kama nywele za paka aliyeogopa, na ule uzi wa kuzungushia katikati, pale mshale unapong'ata, ulikuwa umeachana ukaonyesha pengo. Upote na kamba zake hubadilishwa kila baada ya miaka miwili au mitatu, na kazi hiyo huhitaji presi ya kuyabana mabawa. Seti mpya pamoja na ufundi ingenigharimu karibu theluthi ya pesa niliyotoa kwa upinde wote, na bado ungebaki kuwa wa mtu mwingine.

Wahenga walisema rahisi ghali, nami nilidhani methali hiyo inaonya juu ya vitu dhaifu. Upinde wangu haukuwa dhaifu hata kidogo.

Sisemi usinunue kilichotumika. Ningekuwa na akili ningenunua, lakini kwa mpangilio huu: kwanza jua urefu wako wa mvuto, halafu usiangalie upinde wowote ambao haufikii hapo. Pili, pitisha kitambaa cha pamba au kipande cha pamba ya dawa juu ya mabawa, mbele na nyuma na kingoni. Panapong'ang'ania nyuzi, pana ufa. Tatu, tazama kamu kutoka nyuma kama zimesimama wima au zimelala upande. Nne, uliza kama umewahi kufyatuliwa mtupu, yaani upote kuachiwa bila mshale. Nguvu ambayo mshale ungeondoka nayo hurudi kwenye mabawa na kamu. Yule mzee alikuwa na mmoja ukutani uliofanyiwa hivyo mara moja tu na mgeni aliyekuwa akijaribu: bawa limepasuka kwa urefu, ekseli imepinda, kamba zinaning'inia kama utumbo. Tangu siku ile hakuna anayeuvuta upinde wangu kwa kujaribu bila mshale kuwa kwenye upote na shabaha kuwa mbele yake. Marafiki wawili walininunia. Sawa.

Upinde wa pili ulikuwa mpya, wa ngazi ya chini kabisa, ule unaouzwa pamoja na vifaa vyake tayari, na ulinigharimu pungufu kuliko ule wa kwanza. Sifa yake kubwa haipendezi kuitaja mbele ya watu: unarekebishika. Siku hizi zipo pinde zinazoweza kuwekwa kutoka ratili chache, za mtoto, hadi 70, na kutoka inchi 13 hivi hadi 30 au 31, bila presi, kwa spana ndogo ya pembe sita tu. Kamu za namna hii si za kasi kubwa. Zinavutika taratibu, na kwa anayeanza hilo ni jema.

Kuhusu kasi, naomba nikuokoe. Namba inayoandikwa kwenye boksi hupatikana kwa upinde wa ratili 70, mvuto wa inchi 30 na mshale mwepesi wa greni 350, yaani kama gramu 23. Ukipunguza inchi moja ya mvuto unapoteza futi kama 10. Ukipunguza ratili 10 unapoteza 15 hadi 20. Kila greni tatu unazoongeza kwenye mshale zinakula futi moja. Upinde wangu uliandikwa 315. Kwa inchi 28, ratili 55 na mshale wa greni 420, ulipopimwa ulitoa 240. Ungeandikwa 330 ungetoa 255. Tofauti hiyo ndiyo watu wanayoilipia mara mbili ya bei, na mnyama aliye mita 20 haijui.

Uzito wa mvuto ni jambo la kiburi zaidi kuliko la nguvu. Kaa kwenye kiti, inua miguu kidogo kutoka sakafuni, elekeza upinde mbele kwenye shabaha, uvute bila kuuinua juu. Ukishindwa, umezidi. Mwindaji huvuta akiwa amekaa, baridi imemwingia mifupani, mnyama anamtazama. Akiunyanyua upinde mbinguni ameshamfukuza. Nilianza na 45, baada ya mwezi 50, mwezi wa tatu 55, na hapo nimebaki. Majimbo mengi ya Marekani yanayoweka kima cha chini kwa kuwinda kulungu yameweka ratili kati ya 30 na 40, kwa hiyo 55 si aibu. Sheria hizi uzitafute kabla ya kitu chochote. Kenya ilifunga uwindaji wa wanyamapori mwaka 1977. Uingereza hairuhusu kuwinda kwa upinde. Pasiporuhusiwa, upinde ni wa shabaha tu, na si starehe ndogo.

Vifaa vilivyokuja na upinde, wengi watakuambia uvitupe. Mimi nilivitumia. Kiegemeo cha mshale kilikuwa ile duara yenye nywele ngumu kama za brashi, ambayo mshale unapita katikati yake. Inalia kidogo mshale ukipita na inachakaza manyoya, lakini mshale hauanguki hata ukiinama, na kwa mtu anayejificha hilo lina thamani. Kitulizo, ile fimbo fupi iliyofungwa mbele kuutuliza upinde, ni pambo. Kilengeo chenye pini tatu za kulengea kilitosha, ingawa skrubu zake zilikuwa zikilegea mpaka nilipoziwekea gundi ya skrubu. Pesa ya maana niliitoa kwenye vitu viwili ambavyo havikuwemo: kifyatulio, yaani kifaa cha mkononi kinachoshika upote na kuuachia, na mishale. Ukijumlisha hivyo na shabaha ya povu, chembe za mawindo (vile vichwa vya mshale vyenye makali) na nta ya upote, vilikaribia bei ya upinde wenyewe. Basi ukiwa na pesa ya upinde tu, huna pesa ya upinde.

Mishale. Hapa nilifanya kosa ambalo bado linanichoma. Mishale ya kaboni huandikwa namba: 300, 340, 400, 500. Nikaona 500, nikadhani kubwa ndiyo imara, nikanunua dazeni. Kumbe namba hiyo inapima jinsi uti unavyopinda. Wanauweka mshale kwenye nguzo mbili zilizoachana inchi 28, wananing'iniza uzito wa ratili 1.94 katikati, wanapima umeshuka kiasi gani. Ukishuka nusu inchi, huo ni 500. Ukishuka sehemu 400 za elfu za inchi, huo ni 400. Namba kubwa ni mshale laini. Nami mishale hiyo laini nilikuwa nikiirusha kwa ule upinde wa kwanza wa ratili 70. Nilipomweleza mzee alinyamaza, akachukua mmoja, akaukunja taratibu kwa mikono miwili karibu na sikio lake huku akiuzungusha. Kwenye mshale wa nne kikasikika kitu kama kijiti kikivunjika ndani ya mkeka.

"Huu ungekuingia kwenye kiganja," akasema, akauvunja vipande viwili na kuutupa.

Sasa mshale wowote uliogonga kitu kigumu, au uliogongana na mwenzake, naukunja na kuusikiliza kabla haujarudi kwenye podo. Inachukua sekunde tano. Niliishia kwenye 400, uzito greni 420 pamoja na chembe, kama gramu 27. Kima cha chini kinachotajwa na watengenezaji wengi ni greni 5 kwa kila ratili ya upinde. Mishale mingi ya kuwindia hukaa kati ya 6 na 8. Mshale mzito kidogo una faida nyingine ambayo matangazo hayaitaji: upinde hupiga kelele kidogo, kwa kuwa nguvu nyingi zaidi huondoka na mshale badala ya kubaki zikitikisa mabawa.

Sasa nifike kwenye ugonjwa wangu. Ulinianza mwezi wa pili na upinde mpya, wakati kila kitu kilikuwa kimeanza kunyooka. Pini ilikuwa ikifika karibu na katikati ya shabaha, kidole changu kinapiga kifyatulio kabla sijaamua. Halafu ikawa pini haifiki katikati kabisa. Inasimama chini yake kama imegonga kioo. Nikijilazimisha kuipandisha, kidole kinaruka. Niliona aibu kama mtu anayeanza kugugumiza ukubwani. Niliwaza kununua kilengeo kingine. Nilibadilisha hata rangi ya shabaha!

Dawa yake haikuwa ya kununua. Nilisogea hadi mita tatu kutoka kwenye shabaha kubwa isiyo na alama yoyote, nikafumba macho. Vuta, tulia, weka kidole kwa kina kwenye kifyatulio, kwa pingili badala ya ncha, kisha usikivute kidole. Vuta kiwiko nyuma, kama unataka bega lako la kulia ligusane na uti wa mgongo, mpaka mshale uondoke wenyewe na ukushtue. Mishale 30 kwa siku, wiki tatu, bila kulenga kitu. Ilinichosha roho. Wiki ya nne nikachora nukta, nikarudi mita 10. Pini ikatembeatembea juu ya nukta, nami nikaiacha itembee, kwa sababu haitulii kamwe, hata kwa mabingwa. Kama ningejua mapema, ningeanza na wiki hizo tatu.

Kosa jingine la mkono lilikuwa kuushika mpini kama mtu aliyeshika panga. Karatasi ndiyo iliyonisuta. Unatanda karatasi kwenye fremu, unasimama mita mbili, unafyatua, unasoma tundu. Mshale uliotoka sawasawa huacha tundu la duara lenye mikato mitatu ya manyoya. Wangu wa kwanza uliacha mchaniko wa kidole kizima: chembe imeingia chini, mkia umechana juu na pembeni. Wa juu ulitibika kwa kukishusha kidogo kile kitanzi cha upote ambacho kifyatulio hushika. Wa pembeni haukukubali, tukahamisha kiegemeo huku na huku, mpaka mzee akanigonga vidole kwa penseli. "Legeza." Nikaacha mpini ukae kwenye nyama ya dole gumba tu, vidole vingine vikining'inia. Mchaniko ukafunga. Nimewahi kumwona mtu akibadilisha kiegemeo mara tatu kwa ugonjwa uliokuwa vidoleni mwake.

Chembe za mawindo usisubiri wiki ya mwisho kuzijaribu. Mishale yangu yenye chembe za mazoezi ilikuwa ikikaa pamoja kwenye nafasi ya kiganja kwa mita 25. Nilipofunga chembe zenye makali, zisizokunjuka, uzito uleule wa greni 100, zikaenda kushoto kwa upana wa mikono miwili. Makali yanashika upepo kama manyoya ya mbele, hivyo kila kasoro ndogo ya upinde inakuzwa. Nilichagua zisizokunjuka kwa sababu zile zinazojifungua zikigonga hula sehemu ya nguvu ya mshale katika kujifungua, na ratili 55 hazina nguvu ya kugawa. Tulisogeza kiegemeo kwa upana wa unyoya, tukajaribu tena, mpaka aina zote mbili zikagonga mahali pamoja. Jioni tatu. Na chembe uliyoitia kwenye shabaha usiende nayo porini kabla ya kuinoa au kubadilisha wembe. Mshale huua kwa kukata na kutoa damu, haushtui mwili kama risasi.

Miezi miwili kabla ya msimu niliacha kuhesabu mishale mingi. Kila asubuhi, kabla sijapasha mwili moto, nilifyatua mmoja tu, nikaandika ulipogonga. Eneo la moyo na mapafu ya kulungu ni kama upana wa sahani, sentimita 20. Umbali ambao mshale huo mmoja wa asubuhi uliingia kwenye sahani siku tisa kati ya kumi ndio niliouita umbali wangu. Jioni, misuli imelainika, nilikuwa na mita 40. Asubuhi nilikuwa na 27. Porini ni asubuhi siku zote.

Kifaa nilichokiruka kwa ubahili kilikuwa kipima umbali. Nilijiamini macho. Kulungu wa kwanza alitoka kwenye kichaka, akasimama ubavu, nikakadiria mita 30, ambazo tayari zilikuwa zimepita mpaka wangu, nikajisamehe. Pini ilitulia. Mshale ukapita chini ya kifua chake, ukaingia kwenye nyasi, naye akaruka mara moja akasimama kushangaa kabla ya kutoweka. Nilipima kwa hatua: mita 36. Kwa kasi yangu, kosa la mita sita kwa umbali huo linashusha mshale karibu shibiri moja. Nilikaa chini, mikono inatetemeka, nikashukuru kwamba nilikosa kabisa, kwa sababu vidole vinne juu zaidi ningekuwa nimemvunja mguu au kumkata tumbo, na nisingemwona tena. Usiku ule sikulala vizuri. Kipima umbali nilikinunua wiki iliyofuata.

Kuna mtu atasema upinde wa kasi ungeniokoa. Ungepunguza kosa, kweli. Lakini sauti husafiri futi 1,100 hivi kwa sekunde na hakuna upinde unaoikimbia. Kwa mita 25 mshale wangu unachukua theluthi ya sekunde. Mlio wa upote unamfikia mnyama kabla mshale haujafika hata robo ya njia. Akiwa amesimama masikio yamekakamaa, atainama ili aruke, na mshale utapita juu ya mgongo. Kilichonisaidia ni kusogea karibu na kumwacha anayeshuku aende zake.

Msimu uliofuata nilikuwa juu ya dungu, nimejifunga mkanda wa usalama kwenye mti tangu nilipoanza kupanda. Alikuja akila majani, kichwa chini, akanipita, akaanza kunipa mgongo kwa pembe. Mita 19, kipimo kilishasoma jiwe lililokuwa karibu naye. Nilivuta wakati kichwa chake kiko nyuma ya shina. Nikainama kiunoni bila kushusha mkono, nikalenga mahali ambapo mshale ungetokea kwenye bega la mbali. Sikukumbuka kidole. Nilisikia kama kofi kwenye kitabu, akaondoka mbio.

Nusu saa ya kusubiri ni ndefu kuliko msimu wote. Unataka kushuka. Usishuke, aliyejeruhiwa akifukuzwa hukimbia mbali, akiachwa hulala karibu. Nilipofika pale, mshale ulikuwa umepita ukajichomeka ardhini, manyoya yake yamelowa. Nililishika tone moja juu ya jani: jekundu la kung'aa, na ndani yake vipovu vidogo sana, kama mate. Mapafu. Kama ingekuwa nyeusi nyeusi ningefikiri ini na kungoja saa kadhaa. Kama ingekuwa na majani yaliyotafunwa na harufu ya tumbo, ningerudi kambini nikangoja nusu siku. Alikuwa hatua 80 mbele, amelala upande ule aliokuwa akielekea.

Ule upinde wa kwanza ulikaa kabatini mwaka mzima. Nilipouuza niliandika kila kitu: inchi 30, haubadiliki, upote umechoka, ratili 60 chini kabisa. Wengi walipiga simu, nikiwauliza urefu wa mikono yao walidhani nina wazimu. Akaja mmoja mrefu, ikabidi ainame mlangoni. Nilimweka ukutani nikampima: inchi 75. Nikampa mshale, nikamwelekeza kwenye shabaha. Alivuta kwa mkupuo mmoja bila kuinua kitu, kiwiko chake kimelegea kidogo, upote umekaa kwenye kona ya mdomo kama umezoea hapo. Aliachia. Nikautazama mkono wake wa kushoto: upote haukuwa umemgusa.

Nilimuuzia kwa nusu ya nilichotoa, na nikampa namba ya yule mzee akabadilishiwe upote.